Hajadedi, Amelala Tu: Homoni Inayomficha Bungua Kwenye Mabua ya Shosho

Ukishuka ushago Agosti hii, iwe ni Runyenjes, Manyatta, Nkubu ama kule juu Timau, fanya hivi. Salimia watu kwanza, kunywa ile chai ya lazima, halafu zunguka nyuma ya zizi. Utapata mabua ya mahindi yamesimamishwa yameegemea mti ama ua, makavu, yanangoja kukatiwa ng'ombe. Chomoa moja. Lipasue katikati na kisu, kuanzia chini.

Usipige nduru. Huyo mdudu mweupe-mweupe amejikunja ndani ya handaki lake ni bungua, funza wa mabua. Mguse na kijiti. Atajisongeza kidogo, kama msee aliyeamshwa na makanga alfajiri, kisha atatulia tena. Hali kitu. Haongezeki mwili. Pupa hawi, nondo hawi. Ukiwa na haraka utasema huyu alidedi kitambo, utupe bua uendelee na likizo yako.

Hajadedi, buda. Amelala, na kuna kitu kinazunguka kwa damu yake kinachomwambia asiamke bado. Hicho kitu ni homoni. Kuijua kuliwachukua wanasayansi zaidi ya nusu karne, wengine wakikata wadudu vichwa, na sehemu ya hiyo kazi imepitia hapa kwetu Kenya.

Kabla hujasema "sasa hiyo inanihusu aje," sikia hesabu hii. Mwaka 2002 mtafiti Hugo De Groote alichapisha makadirio kwamba bungua hula karibu asilimia 13 ya mahindi ya Kenya. Yaani kwa kila magunia 100 ambayo yangeingia stoo, kama 13 hayafiki. Kwa familia nyingi za Embu na Meru hayo magunia ndiyo karo ya mtu. Pengine ilikuwa yako.

Na shosho akipanda Oktoba, wale nondo wa kwanza wanaotaga mayai kwa mahindi yake machanga wengi hawatoki mbali. Wanatoka nyuma ya zizi lake mwenyewe.

Tumjue kwanza. Kwenye miinuko yenye baridi, upande wa mlima, bungua mkuu ni Busseola fusca, Mwafrika halisi. Ukiteremka kwenye joto, upande wa Mbeere na Tharaka, unampata Chilo partellus, mgeni kutoka Asia aliyeonekana Afrika mara ya kwanza huko Malawi miaka ya 1930. Maisha yao yanafanana. Nondo anataga, kiwavi anaanguliwa, anakula majani machanga, kisha anatoboa shina na kuhamia ndani. Humo anakula hadi ashibe, anakuwa pupa, anatoka nondo. Kwa msimu wenye mvua hiyo yote inaisha kwa wiki chache tu. Lakini mahindi yakikomaa na jua likianza kuchoma, kiwavi aliyeshiba anakataa kuwa pupa. Anabaki hapo miezi, wakati mwingine karibu nusu mwaka. Usingizi huu unaitwa dayapozi.

Sasa ingia ndani ya mwili wake.

Mdudu hana mifupa kama wewe. Ngozi yake ngumu ndiyo mifupa, na hiyo ngozi haitanuki sana. Akitaka kukua lazima aivue apate nyingine. Amri ya kuvua inaanzia kwa ubongo, unaotuma ujumbe kwa tezi iliyo kifuani, na tezi inamwaga homoni inayoitwa ekdisoni. Ekdisoni haina maneno mengi. Inasema "vua sasa." Haisemi ukivua utatoka nani.

Anayeamua hilo ni homoni nyingine, inayotoka kwa vitezi viwili vidogo sana nyuma ya ubongo. Tuiite homoni ya utoto. Ikiwa nyingi wakati amri ya kuvua inafika, kiwavi anavua anatoka kiwavi mkubwa zaidi. Ikipungua, anatoka pupa. Pupa naye akivua ikiwa haipo, anatoka nondo mzima mwenye mabawa.

Ilijulikana aje? Manze, hapa ndipo stori inakuwa kali. Karibu 1917 Mpolandi mmoja, Stefan Kopeć, alichukua viwavi akawafunga uzi katikati ya mwili, damu ya mbele isifike nyuma. Sehemu ya mbele ikawa pupa, ya nyuma ikabaki kiwavi. Akatoa ubongo wa wengine mapema, hawakuwa pupa kabisa. Wakati huo hakuna aliyewaza kwamba ubongo wa mdudu unaweza kutuma homoni, kwa hivyo watu hawakumjali sana.

Miaka ya 1930 huko Uingereza akaja Vincent Wigglesworth na mdudu wa Amerika Kusini anayefyonza damu, jamaa ya kunguni. Huyo mdudu akishashiba damu mara moja anavua ngozi baada ya siku kadhaa. Wigglesworth alimkata kichwa mapema, akaona havui ngozi, ila anaendelea kuishi. Miezi. Bila kichwa. Kisha akachukua mwingine aliyekatwa kichwa siku za baadaye, akawaunganisha shingo kwa shingo ili damu zichanganyike. Yule wa kwanza akavua ngozi. Kwa hivyo amri ilikuwa kwa damu. Haikuwa kwa mishipa ya fahamu.

Kujua kuna kitu kwa damu ni jambo moja, kukishika mkononi ni lingine. Mwaka 1954 Wajerumani Adolf Butenandt na Peter Karlson walisaga pupa wa nondo wa hariri, kilo 500 nzima, wakatoa miligramu 25 za ekdisoni safi. Pima hiyo. Nusu tani ya wadudu, na unachopata ni kama uzito wa punje moja ya mchele.

Homoni ya utoto ilikuwa mbishi zaidi. Mwaka 1956 Carroll Williams wa Harvard alipata mafuta yenye hiyo homoni kwa tumbo la nondo dume wa aina moja kubwa ya Marekani. Umbo lake kamili lilijulikana 1967, kazi ya Herbert Röller na wenzake. Katikati ya hapo ikatokea kisanga. Karel Sláma alitoka Prague akaenda kwa Williams, akabeba wadudu wake wekundu aliowafuga Ulaya bila shida. Walipofika Marekani wakakataa kuwa watu wazima. Wanavua, wanatoka watoto wakubwa. Wanavua tena, bado watoto. Walibadilisha kila kitu: chakula, maji, hewa. Mwishowe wakagundua ni karatasi za kupangusia zilizotandikwa kwenye vyombo vyao. Miti iliyotengenezewa karatasi za Marekani ina kemikali inayoiga homoni ya utoto ya mdudu yule. Wakajaribu magazeti: New York Times na Wall Street Journal yakawafungia wadudu utotoni, lakini Times ya London haikuwafanya kitu, kwa sababu karatasi yake ilitoka kwa miti mingine.

Sasa turudi nyumbani. Katika wanafunzi wa Wigglesworth pale Cambridge kulikuwa na Mkenya, Thomas Risley Odhiambo, aliyezaliwa Mombasa 1931. Alipata udaktari wake 1965, na kati ya kazi zake za miaka hiyo ni vile vitezi viwili vya nyuma ya ubongo, ndani ya nzige wa jangwani. Kwa mdudu mzima homoni ya utoto hubadilisha kazi na kusukuma mambo ya uzazi. Unakumbuka nzige walioingia Meru na kaunti jirani mwanzo wa 2020? Wengi walikuwa wa rangi ya pinki. Hao bado hawajapevuka. Wakipevuka wanageuka manjano na kuanza kutaga, na homoni hiyo iko ndani ya hayo mabadiliko.

Odhiambo alirudi akaanzisha ICIPE hapa Nairobi mwaka 1970, kituo cha utafiti wa wadudu ambacho dunia nzima inakijua hata kama wewe unapita tu nje yake Kasarani kwa mathree. Kati ya waliomsaidia kukisimamisha ni Carl Djerassi, mmoja wa waliotengeneza kemikali ya vidonge vya kupanga uzazi. Huyo pia alianzisha kampuni Marekani ya kutengeneza homoni bandia za wadudu. Uzazi wa mpango kwa binadamu na kwa mbu, msee mmoja.

Tukishika hapo, tuingie kwa usingizi wenyewe.

Kwa miaka mingi picha ilikuwa ya Williams. Nondo wake wa Marekani hulala baridi nzima akiwa pupa, na Williams alionyesha kwamba analala kwa sababu ubongo umenyamaza. Hakuna amri, hakuna ekdisoni, hakuna kukua. Kila mtu akabeba hiyo: kulala ni kukosa homoni, kama simu iliyoisha chaji.

Bungua wakaharibu hiyo nadharia. Wajapani Fukaya na Mitsuhashi, wakichunguza bungua wa mpunga ambaye ni binamu wa Chilo wetu, waliona dalili kwamba vile vitezi vya homoni ya utoto vinaendelea kufanya kazi kiwavi akiwa usingizini. Kisha mwaka 1973 George Chippendale na Chih-Ming Yin wa Missouri, Marekani, wakaonyesha kwamba bungua wao wa mahindi analala kwa sababu homoni ya utoto iko juu, na inamzuia kuwa pupa. Wengine hata huvua ngozi wakiwa usingizini na kutoka kiwavi yule yule, ukubwa ule ule. Yaani mwili unafanya kazi ili usisonge mbele.

Hiyo inabadilisha namna unavyomtazama yule wa ndani ya bua. Si kwamba ameishiwa. Anazuiwa. Siku breki ikiachiliwa anaondoka mara moja.

Wadudu hawafanani kwa hili, usinukuu vibaya mbele ya mwalimu wa Bayolojia. Kwa nondo wa hariri wanaolala ni mayai, na anayewalaza ni mama yao kabla hata hajataga, kwa homoni ya kwake tofauti. Wajapani Fukuda na Hasegawa waliigundua 1951, kila mmoja kivyake, na muundo wake ukajulikana 1991.

Sasa swali ambalo mimi binafsi ndilo lilinivuta kwa hii mada: bungua wa Embu anajuaje wakati wa kulala? Wadudu wa Ulaya na Marekani husoma urefu wa mchana. Mchana ukifupika wanajua baridi inakuja. Lakini ikweta inapita hapo hapo Meru. Mchana wa Januari na wa Julai kwako ni karibu sawa. Saa ya Wazungu haifanyi kazi hapa.

Mmarekani David Denlinger alikuwa ICIPE mwanzo wa miaka ya 1970, na mwaka 1974 akaandika kuhusu nzi wa nyama wa hapa Kenya. Kitambo iliaminika wadudu wa ikweta hawana haja ya usingizi wa namna hii. Aliona hao nzi wanalala, na kinachowalaza ni baridi ya katikati ya mwaka. Ile baridi ya Julai ambayo wewe unaivalia jaketi mbili.

Kwa bungua ishara kubwa ni dishi lenyewe. Mwanasayansi Scheltes, aliyefanya utafiti kwa mabungua wa jamii ya Chilo hapa Kenya na kuuandika 1978, alionyesha kwamba mmea ukizeeka ndio unamwambia kiwavi ajiandae kulala. Shina likiwa changa lina maji na virutubishi. Likikomaa hivyo vinapungua. Kiwavi anasoma msimu kwa ulimi.

Na kuamka? Hapa ndipo inakuja habari tamu kwa mtu wa shamba. Mwaka 1990 Mjapani Takashi Okuda alichapisha utafiti wake juu ya Busseola fusca, na jibu lilikuwa maji. Kiwavi aliyelala vya kutosha akiguswa na maji, usingizi unakatika na anaelekea kuwa pupa. Mvua ya kwanza ikipiga lile rundo, maji yanaingia kwenye mabua, breki inaachiliwa. Kufikia wakati mahindi mapya yamechipuka na yana majani laini, nondo wameanza kutoka. Hesabu yao ni safi kuliko ya wakulima wengi.

Umeona pale pa kumpata? Ni kati ya mavuno na mvua. Kwa sehemu nyingi za Embu na Meru mvua ni mara mbili, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, kwa hivyo hilo dirisha huja mara mbili kwa mwaka, na ni fupi. Pale watu wana maji ya mfereji na mahindi mabichi yako shambani mwaka mzima, bungua hana sababu kubwa ya kulala, na huko hii mbinu haikusaidii sana.

Mabua yaliyosimamishwa yakiegemea mti yanampa chumba kikavu chenye kivuli. Huko Ethiopia imeonekana kwamba ukiyalaza chini, jua liyapige wiki kadhaa, viwavi wengi wanakufa ndani. Nigeria walijaribu kuyapitisha kwa moto kidogo mara baada ya mavuno, majani yakiwa makavu na shina bado halijakauka, na karibu asilimia 95 ya viwavi wakafa huku mabua yakibaki yanafaa kwa ujenzi na kuni. Lakini shosho mwenye ng'ombe wawili hatakubali uchome lishe, na ana haki. Kwake dawa ni kuyakatakata mapema yawe vipande vidogo na kulishwa ng'ombe yote kabla mvua haijarudi. Rundo linalobaki hadi Oktoba ndilo ngori.

Homoni zenyewe pia zimegeuzwa silaha. Methoprini, inayoiga homoni ya utoto, iliingia soko la Marekani 1975, na hutumika kwa maji yenye viluwiluwi vya mbu: wanakua lakini hawafiki kuwa mbu. Piriproksifeni ni ya ukoo huo wa kazi, na imewekwa hata kwa aina fulani za neti. Mwaka 2011 Denlinger, yule yule wa nzi wa Nairobi, na wenzake waliripoti kemikali zinazoiga homoni ya usingizi ya wadudu, zenye uwezo wa kumwamsha mdudu wakati mbaya ama kumzuia asilale. Wazo ni kumtoa nje wakati hakuna chakula. Kwa bungua wa Embu bado hiyo haijafika dukani, kwa hivyo usikubali kuuziwa chupa na mtu wa stage.

Mimea nayo ilishajua mchezo huu. Nyanda za juu za Kenya kuna mmea mchungu sana unaoitwa Ajuga remota, ambao watu wetu wameutumia kwa dawa tangu zamani. Isao Kubo na Koji Nakanishi, Wajapani waliofanya kazi na ICIPE, walianza kuuchunguza miaka ya 1970, na baadaye Kubo na wenzake wakapata ndani yake kemikali za aina ya ekdisoni. Viwavi waliolishwa hizo kemikali maabarani walivua ngozi vibaya, ganda la kichwa la zamani likakwama juu ya jipya, wengine wakawa na vichwa viwili vitatu vimepangana kama kofia. Mdomo umezibwa, hawezi kula, anakufa njaa. Mmea hauna miguu ya kukimbia, kwa hivyo unampiga adui wake na homoni yake mwenyewe.

Jambo la mwisho kabla hujaenda kupasua mabua. Kuna wasee watachanganya bungua na kiwavijeshi aliyethibitishwa Kenya 2017. Huyo ametoka Amerika na hana hii swichi ya usingizi kabisa. Baridi ya Marekani humuua kila mwaka, na kila mwaka anahamia kaskazini upya kutoka kwenye joto. Kulaza mabua juani kwa ajili yake ni kupoteza siku. Ukimpata kiwavi, mwangalie uso: akiwa na alama kama herufi Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia madoa manne yamekaa mraba, huyo si wa kulala. Yuko macho mwaka mzima, na anatafutwa kwenye majani mabichi, si kwenye rundo la nyuma ya zizi.